Upande Mmoja

Karani alitoka mlangoni akaliita jina lako mara tatu,
Bwana Atanasi Ngole, mwenye kiwanda cha mbao,
na jina likavuka barabara, likafika kwenye misonobari,
likarudi na ukungu tu.
Juni, Mafinga. Hata mbwa wa mahakama
alikuwa amejikunja juu ya majivu ya jana.

Mimi nilikuwa nimeazima koti la shemeji.
Mkono wa kushoto ulijaa vizuri.
Wa kulia nao ulijaa, ila mwishoni,
pale kiganja kinapotakiwa kusalimia watu,
vilitokeza kidole gumba na kile cha mwisho,
vya kutosha kushika kijiko.

Tarishi aliapa: samansi aliileta kwako,
mkeo akasema umekwenda Njombe kuangalia miti.
Akaileta tena. Hujarudi.
Mara ya tatu akaibandika getini kwa uji wa unga
na mbuzi wa jirani akala kona yenye muhuri.
Ikatangazwa gazetini. Ukapewa siku ishirini na moja
uandike hata neno moja:
kwamba nilikuwa nimelewa ulanzi,
kwamba nilikatazwa kuigusa ile mashine,
kwamba simjui mtu huyu.
Ungesema uongo, Bwana Ngole. Nilikuwa nimeuandalia majibu.
Usiku nilijibizana nawe kitandani
mpaka Tusajigwe akahamia kwa watoto.

Hakimu hakunipa ushindi hivi hivi.
Mdaiwa hakujibu, akasema, lakini kimya si ushahidi;
thibitisha.
Nikapanda kizimbani, nikashika Biblia kwa mkono ule ule,
nayo ikataka kudondoka.
Nikaeleza: saa tisa alasiri, ubao wa inchi mbili kwa sita,
kinga ya msumeno imefunguliwa tangu Pasaka
ili kazi iende haraka.
Fundi aliizima mashine
alipoona maranda yamebadilika rangi.
Nikatoa fomu ya polisi, barua ya daktari, picha.
Yote nilieleza nikikitazama kiti chako,
kiti cha plastiki cha buluu, mguu mmoja umefungwa waya.
Hakikubisha. Hakikuniuliza swali hata moja.

Hukumu ya upande mmoja, akasoma.
Shilingi milioni kumi na nane na laki nne,
na gharama za kesi.
Wakili wa msaada akanibana bega kwa furaha.
Mimi nikabaki na lile jina: upande mmoja.
Ndivyo ninavyofunga viatu.
Ndivyo ninavyokamua ng'ombe, naye hunigeukia
akishangaa.

Wakasema bado. Anaweza kuja,
aape kwamba aliumwa, kwamba hakuiona karatasi,
hukumu itenguliwe, tuanze upya.
Nikaomba, Mungu anisamehe, uje.

Hukuja. Akaja dalali wa mahakama na pikipiki,
mtu mfupi mwenye daftari la shule.
Kiwanda kimehamishwa, akasema.
Mashine ziko Makambako, chini ya turubai, kwa jina la mwingine.
Msumeno utautambua?

Niliutambua kabla ya kuuona.
Ukifika kwenye fundo la mti hukwama kidogo,
hukohoa, halafu huendelea.
Kijana alikuwa anausukumia ubao,
kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi.
Vidole kumi, nilihesabu.
Kinga hakuna.
Shikamooni, akatuamkia, macho kwetu,
mikono bado kazini.

Ndio wenyewe? Dalali amekwisha kufungua kalamu.
Nikanyoosha mkono kuonyesha,
nikakumbuka kwamba kidole cha kuonyeshea
ndicho kilichotangulia.

Zima kwanza, nikamwambia kijana.
Mengine baadaye. Zima.