Hatua ya Alhamisi

Saa moja asubuhi, Oulu bado ni usiku.
Nawasha taa za korido, nakung'uta theluji mabegani,
nasoma majina juu ya vishubaka vya nguo:
Aamos, Vilja, Peetu, Hilppa, Sampo,
na kimoja kitupu, cha yule aliyehamia Kemi
akaniachia soksi moja ya kijani.

Kisha wanakuja, kila mmoja na kilio chake.
Cha Peetu ni cha mlangoni tu: baba akishapinda kona
kinakatika kama bomba lililofungwa.
Cha Hilppa hakina sauti. Hicho ndicho kinachonitisha.
Nampakata, simwambii nyamaza.
Hata mimi kuna siku sitaki kuachwa.

Nje ni nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri,
na kanuni yasema watoto watoke.
Basi fulana, sweta, soksi juu ya soksi,
suti nene, buti, skafu, kofia, glavu;
watoto kumi na mmoja, glavu ishirini na mbili,
vidole gumba ishirini na viwili visivyojua pa kuingia.
Dakika arobaini. Jasho lanitiririka.
Nafunga zipu ya mwisho, na Sampo,
mwekundu kama nyanya, ananivuta upindo:
"Mkojo."

Mjomba wangu alisema, mezani, siku ya sikukuu,
akichota viazi: "Wewe unalipwa kucheza!"
Nilicheka. Mgongo wangu haukucheka.
Usiku ule usingizi ulinipaa, nikahesabu
nepi nilizobadili kwa miaka kumi na tisa.
Nilifika elfu ishirini na kitu, nikalala.

Sasa, Jonna, nikuambie lile nisilokuambia.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya uji.
Raili anafuta meza, redio yanong'ona habari za barabara.
Aamos amesimama, ameshika kiti chekundu.
Akakiachia.
Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemtikisia njuga.
Aliona tu, nadhani, kwamba sakafu ni pana,
akatupa mguu mmoja, akayumba
kama mlevi anayetafuta funguo,
akatupa wa pili, wa tatu,
wa nne sikuuona vizuri, macho yalikuwa yamelowa,
akaniangukia gotini, akacheka, uji puani.

Raili alinitazama. Nilimtazama Raili.
Tukaweka vidole midomoni, watu wazima wawili,
kama wezi waliokuta sanduku wazi.

Jioni ulikuja na harufu ya kiwanda cha karatasi,
barafu kwenye nyusi, ukauliza: "Leo vipi?"
Daftarini nilikuwa nimeandika: amekula vizuri,
amelala nje kigarini saa moja na robo,
amekataa karoti.
Kalamu ilisita hapo, ikaacha kidoa.
"Salama," nikasema. "Ila wikendi hii
usimwondolee macho. Miguu inamwasha."

Jumatatu uliingia mbio, buti hukuvua,
umeinua simu kama mwenge:
"Marketta, ametembea! Jana, sebuleni,
kutoka kwenye sofa hadi kwa mama yangu!
Hatua mbili! Hatua zake za kwanza!"
Nilitazama video. Nikaomba niitazame tena.
Nilipiga makofi, na makofi yale hayakuwa ya uongo.
Raili alijificha jikoni, akafungulia maji
kwa nguvu kuliko sufuria ilivyohitaji.

Husemwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea.
Kuhusu anayelea kwa saa nane kisha anarudisha
sijasikia likisemwa neno.
Labda hakuna la kusema. Labda lipo,
nami nimelikalia kama nilivyoikalia Alhamisi ile.

Usiku nilitia mkono mfukoni mwa koti
nikakuta glavu, ya bluu, ya mkono wa kushoto,
ndogo kiasi cha kumtosha paka.
Ilikuwa bado imelowa.
Nikaianika kwenye hita, karibu na zangu.