Nyuzi Hamsini na Nne

Kanda kumi na moja ndani ya debe la biskuti,
na nyingine sita chini ya cherehani ya mama,
zimefungwa kwa khanga iliyochujuka, jina lake halisomeki.
Baba aliandika kwa penseli ya seremala:
Hoteli Karafuu, Ganjoni, Jumamosi.
Mwaka hakuandika.
Alijua atakuwepo kuukumbuka.

Chumvi ya Mombasa haina adabu.
Imekula bawaba, imekula bomba,
imekula meno ya ufunguo wa duka la redio alilotuachia,
ikaingia na kwenye kanda, ikazifanya zinate
kama halua iliyosahauliwa juani.
Nikicheza moja inalia kama mlango
na kuniachia unga wa kahawia kidoleni.
Unga huo ndio muziki wenyewe. Ukitoka haurudi.

Fundi mmoja wa Tudor akaniambia: Zioke.
Nikadhani ananikejeli.
Zioke, saa nane, nyuzi hamsini na nne, usizidishe.
Basi nikaenda kwa Mwanamize, Kibokoni,
mwenye oveni ya umeme na maagizo ya harusi.
Yeye hukanda, mimi nina kanda:
tulicheka hapo, kisha hatukucheka tena.
Tulikesha na kipimajoto kama wauguzi.
Oveni ilinukia iliki, na nyuma ya iliki, siki.

Kwanza vikombe. Mtu anakohoa. Kiti kinaburutwa.
Halafu gitaa la Zebedayo Mwachofi, linakwenda mbiombio,
kama mtu aendaye kudai chake,
na pembeni yake gitaa la chuma la Anselmo Fonseka,
lile lililosimama kwa miguu yake lenyewe,
lenye pedali kama za cherehani ya mama.
Nyuzi kumi,
na sauti inayoteremka bila ngazi.

Zebedayo alikuja kutoka Changamwe amevaa koti, joto lote lile.
Akaketi ukingoni mwa kiti.
"Toa zote ukipenda. Ya nne ikate.
Pale nilikosea, na Anselmo akanichezea shere
kwa chuma chake, mbele ya ukumbi mzima.
Sikumsemesha tena mpaka alipozikwa."

Nikaicheza ya nne.
Kosa lipo. Kidole kimekwenda pasipo,
noti imesimama peke yake
kama mtu aliyeingia arusi isiyo yake.
Pumzi moja.
Kisha chuma kikaja. Kikashuka hadi pale pale,
kikaketi juu ya kosa lile lile,
kikatetemeka kidogo, kikaanza kupanda,
nalo kosa likapanda nacho,
hata mtu mmoja kule nyuma akasema, Eee!
kana kwamba ndiyo njia, tangu zamani.

Mzee akaomba tena. Na tena.
Mara ya nne alivua kile kifaa cha sikioni
akaweka kiganja juu ya spika.
"Kumbe," akasema.
Kitambo.
"Kumbe alikuja kunitoa."

Hakulia. Aliuliza kama kuna chai.
Akanywa vikombe viwili, akazungumzia bei ya mabati,
na mlangoni, mgongo kwangu:
"Jina la Anselmo litangulie.
Na kile kikohozi mwanzoni usikikate.
Huyo ni babako. Kifua kilimsumbua tangu kazi ya bandarini."

Nilikuwa nimeshakikata.
Usiku ule nilikirudisha, sekunde mbili,
nikakisikiliza zaidi ya muziki.

Binti wa Fonseka ametia sahihi, hakuongeza neno.
Santuri ni mia tatu, zitatoka baada ya Idi.
Kanda ya kumi na tatu bado inanata.
Mwanamize ameniwekea nafasi Jumanne,
mikate ikishatoka.