Viganja Viwili

Duka la Biju liko Wadi Kabir, nyuma ya wauza betri,
na ndani mna harufu ile ya mpira mpya
inayonitia njaa, sijui kwa nini.
Nilikuja na picha yangu kichwani:
tairi la meno, kila jino kama gego la ngamia,
ili pikipiki, hata ikiegeshwa tu nje ya benki,
ionekane imetoka Rubu al-Khali jana usiku.

Biju alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.
"Mchanga," akauliza kwa Kiarabu chake cha sokoni,
"siku ngapi kwa mwaka?"
Nikasema nyingi.
Akangoja.
Nikasema kumi.
Akaendelea kufuta mikono.
Nikasema, basi, mwaka jana mbili,
na moja nilizama hadi ekseli,
nikavutwa na mzee wa Bidiya aliyecheka njia nzima.
"Na lami?"
Lami ndiyo iliyobaki, Biju.

Akashusha tairi lisilo na sura,
jeusi, la adabu, kama viatu vya karani,
lenye mifereji myembamba iliyopinda.
"Meno husimama kwa ncha," akasema.
"Hili hulala.
Maji huyapitisha mferejini, likayatema pembeni,
nalo likabaki na barabara yake."
Akanionyesha tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka:
hata tairi lina siku ya kuzaliwa,
na mpira huzeeka hata ukilala kivulini.

Nikacheka. Maji gani, Maskati hii?
Hapa wingu likipita watu hutoka nje kulipiga picha.

Thuwaiba alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa,
anamenya karanga, maganda anayatia mfukoni mwangu.
"Kharifu tunakwenda Salala," akasema.
"Au unakwenda na meno yako peke yako?"

*

Kilomita mia tisa za ukavu.
Haima, petroli, chai ya maziwa, Haima tena kichwani,
jua limekaa juu ya helmeti kama deni.
Nikayalaani yale matairi ya karani kila nilipoona tuta la mchanga.
Nililiona moja tu zuri. Sikusimama.

Kisha, baada ya Thumrait, nchi ikakatika.
Ukungu haukuja; sisi ndio tuliouingia,
kama watu waliokosea mlango.
Na rasharasha.
Mvua kubwa huosha barabara, hii huipaka:
dizeli ya malori, vumbi la miezi tisa,
samadi ya ngamia, vyote vikachanganywa polepole
hadi lami ya mteremko ikawa mlenda.

Ngamia akatokea kwenye weupe
bila haraka, kama mwenye nyumba.

Vidole viwili.
Breki haitaki ngumi, inataka vidole viwili,
na moyo ukae mbali na mkono.
Tairi la mbele likasita,
upana wa ukucha,
nikausikia kwenye meno yangu mwenyewe,
kisha likashika.

Kilo mia nne, sisi na mizigo na halua ya shangazi,
na kinachogusa ardhi ni kiganja kimoja mbele,
kiganja kimoja nyuma.
Basi. Hakuna kingine.
Ngamia akanitazama, akatafuna, akapita.

Na viganja vingine viwili vilikuwa tumboni mwangu
tangu asubuhi. Havikukaza.
Nikajisemea: huyu ndiye mwanamke,
huyu ndiye imani.

Chini mjini, kwenye banda la madafu,
nguo zikitiririka, nikamwuliza aliogopa wapi.
"Wapi?" akasema. "Mimi nilisinzia
toka kule kwenye ukungu."

Nikainama, nikajifanya natafuta msumari,
nikaliwekea tairi mkono wangu.
Lilikuwa bado lina joto.