Bangili ya Hewa

Waliingilia hapa, chini ya kidole gumba,
kwa mrija mwembamba kuliko utambi,
wakapanda na mkono hadi mlangoni mwa moyo,
wakatazama, wakazibua, wakashuka.
Kwao kazi imekwisha. Kwangu ndiyo kwanza:
tundu moja dogo
na moyo mzima nyuma yake, unasukuma.

Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Yake leo tumeipunguza uzito kwa dawa
ipite bila kuganda, na sasa tunaiomba igande,
hapo hapo tu, si kwingine.

Nimemvika bangili ya plastiki,
nimeijaza hewa, mililita kumi na tatu,
nikapunguza mpaka tone likachungulia,
nikarudisha moja. Hapo.
Kubana si kunyonga, Murtazi.
Mshipa ukizibwa kabisa hufa kimya kimya,
na siku nyingine madaktari wakija kubisha
watakuta mlango umejengewa ukuta.

Kila robo saa narudi na sirinji, navuta mbili.
Nje, Kutaisi yote imelowa, mto Rioni umefura.
Yeye ni mwokaji. Miaka arobaini na moja
amejitumbukiza hadi kiunoni ndani ya tanuri
kubandika unga ukutani kwa mkono huu huu.
"Usikunje kifundo," nimemwambia mara tatu.
Lakini jirani wa kitanda cha pili, mtu wa Batumi,
akadai mkate wa kwao ndio mkate,
na Murtazi akainua mkono kumwonyesha,
pa! kiganja hewani, kama ukutani.

Ikaruka. Nyekundu ya kweli, yenye mdundo,
kwenye shuka, kwenye kiatu changu,
kwenye chungwa alilomenyewa na bintiye.
Sikutafuta hewa. Nilitafuta gumba langu,
nikalibandika juu kidogo ya tundu, nikakaa.

Dakika kumi na mbili hatukusema,
hata mtu wa Batumi.
Chini ya gumba langu alikuwa akipita,
akipita,
kama mtu anayerudi nyumbani usiku
asiyetaka kuamsha watoto.

Kisha akauliza, macho darini:
"Tsisana, unga nitaukanda lini?"
Wiki moja, nikasema.
Akahesabu kwa vidole vya kushoto,
akafika cha nne, akavikunja vyote.

Nikajaza hewa upya. Kumi na tatu.
Tukaanza tena, mbili mbili.