Kipimo

Mtafiti amekuja na tabuleti na chupa ya maji,
amekalia kiti cha baba,
kile chenye mguu uliofungwa waya. Sikumwonya.

"Kwa kipimo cha moja hadi tano," anasoma,
"ukaribu wako na baba asiye..."
Anasita. Dodoso limekosa neno.
Mimi pia sina. Namwacha alitafute.

Moja hadi tano.
Basi niuweke wapi usiku ule wa mafuriko Nyalenda,
baba kanibeba mgongoni, maji kiunoni,
kamba za viatu vyangu vya shule kazing'ata menoni,
hawezi hata kuniambia usilie?

Yule mwingine mama alimchagua kwa mistari mitatu:
urefu, kundi la damu, mwanafunzi asiyevuta sigara.
Daktari akafunga faili. Shughuli ya dakika kumi, asema,
na nje mvua ya mawe ikipiga mabati ya Milimani.

Huyu wa cherehani alimchagua kwa sketi.
Fundi wa Kibuye, akamkosea kiuno mara tatu
ili arudi mara tatu.
Mara ya nne mama alirudi bila kitambaa.

Nami nisingejua, ila nilimleta Lidambitsa nyumbani.
Senge akaanza kuhesabu koo vidoleni,
wa mama, wa bibi, wa mama yake bibi,
asije akaozesha damu kwa damu.
Baba akaweka mkasi chini.
"Dada, vidole havitoshi. Kuna mlango mmoja hatuujui."
Nyumba ikanyamaza, hata kuku.
"Kitanda hakizai haramu," akasema senge,
polepole, kama anayeonja uji wa moto.
"Hakikuwa kitanda," mama akajibu. "Ilikuwa meza ya daktari."
Wa kwanza kucheka alikuwa baba.

Tukatema mate kwenye vichupa, mimi na Lidambitsa.
Wiki sita tulikaa kama wakwe,
kochi moja, mto katikati.
Majibu yakaja: si ndugu.
Lakini bado, kwenye foleni ya benki, kwenye harusi za watu,
nikiona mwanamume mwenye masikio kama yangu
natazama viatu vyangu.
Kisumu nzima imekuwa labda.

"Swali la kumi na nne. Mwenzi wako anafanana na baba yako?"
Yupi?
Lidambitsa akikagua spoku za baiskeli
hufumba jicho la kushoto,
vile vile baba akitunga uzi sindanoni.
Na mimi, naambiwa, nikisoma chochote kigumu.
Jicho hilo halikuwa kwenye faili.

Mlango. Baba huyo, utepe shingoni,
anamtazama mtafiti kuanzia bega hadi kisigino.
"Mwanangu, pindo la suruali limeachia. Hebu simama."
Mtafiti anasimama. Kiti kinashukuru.
Tabuleti mezani inamemeta,
ikingoja nambari.