Waliotoa Udhuru

Kitabu cha kwanza kina harufu ya mafuta ya taa na sufu mbichi.
Panya wamekula jalada na mwaka mzima wa mwanzo,
kwa hiyo historia yetu inaanzia katikati ya sentensi:
"...na ikakubaliwa kwamba funza ni marufuku."

Marufuku funza, marufuku nyavu, marufuku baruti.
Hili la mwisho lilikuwa na sababu:
wanachama kumi na mmoja, wote wa machimbo ya mawe ya kuezekea,
walijua baruti kuliko walivyojua samaki,
na Hefin Pugh, mwenyekiti, alikuwa na vidole saba.

Walikutana Alhamisi, chumba cha nyuma cha kanisa,
mapafu yakikwaruza kama msasa,
wakafunga manyoya kwenye ndoana kwa mikono
iliyopasua mlima tangu alfajiri.
Nzi, lakini si nzi: unyoya, uzi wa hariri,
uongo mdogo wa kutupa juu ya maji ya Cerwen
hadi trauti auamini.
Mchungaji naye alilipa ada.

Ukingo wa kushoto ulikuwa wa bwana wa jumba.
Ukingo wa kulia ulikuwa wa bwana wa jumba.
Mwaka 1926 akawapa Jumamosi, baada ya saa nane mchana,
kutoka darajani hadi mwaloni uliopigwa radi.
Katibu ameandika: "Tunashukuru."
Nukta yake imetoboa karatasi.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Mali yetu? Shilingi kumi na nne. Wavu wa mkono.
Jogoo.

Jogoo hakuwa wetu. Alikuwa wa Tegwen Prys, mjane,
shingo yake rangi ya chai iliyokolea,
na nzi aliyefungwa kwa unyoya wa shingo ile
alinasa samaki hata siku mto ulipogeuka maziwa kwa vumbi la mawe.
Wakamwita Mjane. "Niazime Mjane mmoja,"
waliambiana ukingoni bila kuona haya.
Mwanamke haruhusiwi: kanuni ya tano.
Unyoya wake unaruhusiwa.

1941, waliohudhuria: watatu. Yalisomwa majina ya vijana,
wakarudi nyumbani mapema.
Kisha machimbo yakafungwa, mto ukatakata,
na wa kuutazama wakaenda kuunda magari mijini.
Kisha misonobari ikapandwa milima mizima,
udongo ukachacha, maji yakachacha,
trauti wakaelea mmoja mmoja, weupe,
kama soksi zilizodondoka kambani.
Tuliwabeba kwa ndoo. Nilikuwa na miaka tisa.
Tumemwaga chokaa tangu siku hiyo.

Sasa katibu ni mimi, mjukuu wa Tegwen.
Jana nilitafuta kanuni ya akidi. Wanne.
Tumebaki watatu: mimi, Meurig mwenye nyonga ya chuma,
na Bi Olwen, asiyevua tena ila huja na keki.
Ndipo nikaona, chini ya "Waliotoa udhuru",
kikao baada ya kikao, 1927 hadi 1958,
mwandiko ule ule wa Idwal, mweka hazina:
T. Prys. T. Prys. T. Prys.
Na kwenye daftari la ada, kila Januari,
shilingi mbili, T. Prys, imepokelewa.

Miaka thelathini na mmoja bibi yangu alitoa udhuru
kwa kutoingia mlango aliofungiwa.
Idwal alijua. Wengine walisikia jina likisomwa,
wakakohoa. Walikuwa na kikohozi tayari.

Je, alivua? Sijui.
Kuna ufito nyuma ya kabati lake,
mpini umelika mahali pa kidole gumba,
kidole chembamba kuliko cha babu.

Usiku huu Meurig kauliza kama akidi imetimia.
Nikaandika waliohudhuria: wanne.
Akanitazama, akatazama kiti kitupu, akavaa miwani.
Tukaingia ajenda ya pili, bei ya chokaa.