Kisahani cha Jiwe

Dukani kwa Burl Combs, nyuma ya makopo ya rangi
na ndoana zilizoshika kutu,
kuna rafu ya viitio vya bata mzinga.
Tuliingia Ijumaa, mvua ya Aprili ingali kofiani,
mimi na Delsie, binti yangu, miaka kumi na mitatu,
ambaye tangu homa ile ya utotoni
hajasikia hata mlango ukibamizwa.

Burl alisema nami, si naye.
"Anayeanza mpe kisanduku.
Paka chaki kwenye ukingo, burura mfuniko
kama mtu afungaye kabati usiku asiamshe watoto.
Hata shemeji yangu mlevi alikipatia."
Akakisugua. Kyau, kyau, kyau.
Duka zima likawa koo mmoja anayetafuta mume.
"Au hiki cha kusukuma kwa kidole.
Hakikosei. Ila kina neno moja tu,
nalo hulirudia kama mdai."

Delsie alivishika kimoja kimoja.
Kisanduku alikirudisha.
*Kinazungumza na hewa,* aliniambia kwa mikono,
*hakizungumzi nami.*

Ndipo akakiona kisahani:
jiwe la kijivu, upana wa kiganja,
mgongo una matundu, na kando yake kijiti cha hikori.
"Hicho kina mashauri mengi," Burl akaonya.
"Ukikigusa kwa kidole chenye mafuta, kimenuna.
Mvua ikikinyea, kimenuna.
Kila mara ukikwaruze kwa msasa, na bado kitanuna."

Alikisimamisha kwenye ncha za vidole,
chini akaacha uwazi, bila kuambiwa.
Akashika kijiti kama kalamu, akachora kiduara
kidogo kuliko punje ya hindi.
Msumari juu ya bati!
Burl akakunja uso.
Delsie hakutazama jiwe, alitazama uso ule.
Akalaza kijiti kidogo. Akachora tena.
Makunyanzi ya Burl yakafunguka moja baada ya jingine,
na mimi nikasikia, krrr, kyok,
kuku wa msituni akijisemea mambo yake.
*Kinanitekenya mpaka kiwiko,* akasema binti yangu.

Kisanduku dola kumi na tisa. Jiwe thelathini na moja.
Mchagua jembe si mkulima, najua,
lakini sikuwa nahesabu dola.
Nilitaka kile chepesi kwa sababu miaka kumi
nimekuwa nikimtafutia njia isiyo na kona,
na kona zote nimezipiga mimi, kwa niaba yake,
vibaya.
Nikalipa jiwe.

Wiki mbili barazani uso wangu ulikuwa mwalimu.
Oleta alicheka dirishani: utazeeka kabla ya msimu.

Jumamosi, kabla ya mwanga, tuliegemea mwaloni
juu ya bonde la Stillhouse, majani mabichi matakoni.
Akachora mara tatu.
Dume akajibu, mbali, ng'ambo ya kijito,
nami nikamgonga goti: yupo.
Kisha kimya.
Dakika ishirini za kimya, mguu wangu umekufa ganzi,
mkono wangu ukawasha kumwambia *ita, ita tena,*
ugonjwa ule ule wa wanaoanza
na wa akina baba.

Hakuita. Alilaza kijiti pajani.
Akaweka kiganja bapa juu ya mfupa wa kifua,
akanigeukia, macho yamejaa.
*Ngoma,* vidole vikasema polepole. *Humu ndani.*
Nikazuia pumzi. Nikatega masikio yote mawili.
Matone tu, yakianguka kutoka tawi hadi tawi.
*Sisikii,* nikamwambia.
*Sijasema sikia.*

Akapandisha bunduki gotini, taratibu,
akaielekeza kushoto, kwenye jangwa la fani,
upande ambao sikuwa nikiutazama.